Kipaza na Sauti Zisizolingana

Hivi wewe, ukikasirika, masikio yako huwa bado yanafanya kazi? Usijibu haraka. Msichana wa hadithi hii angekujibu kwamba yake hayajawahi kulala hata siku moja, tena angekujibu kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nyumba ya tatu.

Walimwita Kipaza. Jina hilo alipewa na mkunga aliyemzalisha mama yake, kwa sababu kilio chake cha kwanza kiliwafanya hata wagonjwa wa wodi ya wanaume wageuze shingo. Likamganda mpaka akafika nalo darasa la sita. Kila asubuhi alifagia uwanja, akateka maji, akaosha vyombo vya jana, kisha akawaamsha wadogo zake bila kuingia chumbani kwao. Alisimama tu mlangoni pa jikoni akaita mara moja, nao wakaamka, na mtoto mchanga wa jirani akaamka pamoja nao. Mama yake alimwonya kwamba majirani watawahamisha, lakini alimwonya huku anacheka, maana shuleni sauti hiyo ilisifiwa. Kipaza ndiye aliyesoma matangazo mstarini. Kipaza ndiye aliyeongoza ngonjera wageni walipokuja. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alipotafuta wasomaji wawili wa kazi maalumu, hakuna aliyeshangaa Kipaza alipochaguliwa wa kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Darasani kwao kulikuwa na mvulana waliyemwita Profesa, kwa kuwa alipenda maswali ya kumtoa mwalimu jasho. Mwaka uliopita aliugua, na ugonjwa ulipoondoka uliondoka na macho yake. Alirudi shuleni akishikwa mkono na dada yake mkubwa, mdomo wake ukiwa vilevile. Mwalimu mkuu alimpokea, ila kwa sharti. Shule haikuwa na vitabu vya nukta nundu, wala mtu wa kumfundisha kuvisoma. Mwisho wa muhula Profesa angepimwa kwa mdomo, kama wenzake wanavyopimwa kwa kalamu. Akiweza, angebaki. Asipoweza, angekaa nyumbani mpaka ipatikane nafasi katika shule ya wasioona, na nafasi hiyo watu waliizungumzia kama mvua ya mwaka ujao.

Mwalimu wa sayansi hakutaka kumwona Profesa akikaa nyumbani. Akaazima kinasa sauti cha ofisini, akasema kitabu cha sayansi kisomwe chote, sura baada ya sura, na kila sura iwekwe kwenye simu ya dada yake ili Profesa aisikilize mpaka imwingie kichwani.

Msomaji wa pili alikuwa Sindano. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, ndogo hasa, hata wenzake walisema neno lake likidondoka lazima upige magoti ulitafute sakafuni. Lakini kwa kusoma hakuwa na mfano. Hakuruka nukta, hakumeza silabi, na maneno kama kongosho na kimeng'enya yalipita mdomoni mwake kama mtu anayetembea njia aliyoizoea. Kipaza alimheshimu kwa hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Wakasoma sura ya kwanza katika stoo ya vitabu, kinasa sauti kikiwa juu ya rundo la ramani za zamani. Kipaza aya moja, Sindano aya moja, mpaka mwisho. Ilikuwa sura ya tumbo na safari ya chakula. Wakampelekea mwalimu, mwalimu akampa dada yake Profesa, wao wakaenda zao wakiwa wamejipongeza.

Profesa alikuja asubuhi yake amekunja uso. Hakungoja hata kukaa.

"Mmenifanyia nini ninyi wawili?"

Akawaeleza, tena kwa sauti ya kila mtu kusikia. Sindano akisoma, yeye huongeza sauti ya simu mpaka mwisho, anaikandamiza sikioni kama anataka iingie ndani. Anapoanza tu kumpata, anaingia Kipaza, na yeye Profesa anarushwa juu kitandani kwa mshtuko. Akipunguza, Sindano anapotea. Akiongeza, Kipaza anampasua kichwa.

"Chakula nimekiacha kwenye utumbo mdogo," akasema. "Sijui kilitoka vipi. Mpaka leo kiko humo humo."

Wenzake wakaangua kicheko. Profesa hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Kipaza. Aliona watu wanamcheka yeye, aliyesoma kwa nguvu zake zote, kwa kosa la mtu asiyeweza kufungua kinywa. Damu ikamchemka. Akamgeukia Sindano, akamwuliza kama kwao wanakula kwa zamu, maana anasoma kama mtu aliyefunga siku nzima. Sindano akainamisha kichwa, akaanza kuchonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongoka.

Mwalimu alipoelezwa, hakumlaumu mtu. Alisema sauti mbili haziwi sawa, na kazi yao ni kuzisawazisha ili msikilizaji asihangaike na simu. Kipaza akadakia kwamba mjomba wake ana chumba cha kurekodia. Sura ya pili angeipeleka huko mwenyewe, kuna kompyuta na kila kitu.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Ila kabla ya kuniletea, uisikilize yote. Yote, umenielewa?"

"Nitaisikiliza, mwalimu."

Sura ya pili ilikuwa ya mapafu. Waliirekodi siku ile ile baada ya masomo, Kipaza akiwa bado amevimba. Akajiweka mbele ya kinasa sauti, mkono mmoja juu ya meza. Alisoma aya yake kama anatangaza moto. Sindano akasoma yake. Alipofika mwisho, Kipaza akasonya, msonyo mrefu wa kutokea kooni. Aya nyingine, msonyo mwingine. Sindano alizidi kunywea, na kadiri alivyonywea ndivyo Kipaza alivyozidi kupandwa na mori. Walipofika kwenye kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, sauti ya Sindano ikawa imebaki pumzi tupu. Kipaza akaipiga meza kwa kiganja.

"Ongeza sauti, wewe! Anayekusikiliza ni kipofu, si mpiga ramli!"

Hata yeye alishtuka kidogo. Darasani hawakulitumia neno hilo kwa Profesa. Walisema haoni, wakaishia hapo. Lakini alikuwa ameshalitamka, na mtu mwenye hasira harudi nyuma kirahisi. Akapunga mkono, akasema sehemu hiyo wataikata baadaye, waendelee tu.

Sindano aliendelea. Alisoma aya zake zote zilizobaki bila kukosea hata herufi, kwa sauti ndogo kuliko mwanzo. Walipomaliza alifunga kitabu, akakiweka mezani polepole, akasema harudi tena. Akatoka. Kipaza akausonya hata mgongo wake.

Chumba cha mjomba kilikuwa nyuma ya duka la kushona viatu, na kuta zake zilizibwa kwa magodoro makuukuu na trei za mayai. Humo mjomba alirekodi nyimbo za vijana, salamu za arusi, na yale matangazo yanayopita mitaani juu ya gari lenye spika. Siku hiyo alikuwa barazani akibishana na mwuza magodoro, aliyetaka tangazo lake lisikike kuliko la mwuza magodoro wa mtaa wa pili. Kipaza akamwamkia, akaomba kompyuta. Mjomba akamruhusu kwa mkono, akamwonya tu asiguse faili la magodoro.

Aliwahi kumwona mjomba akifanya. Kulikuwa na kitufe kimeandikwa Sawazisha. Akaweka faili lake, akabonyeza. Mstari wa kijani ukakimbia kutoka kushoto hadi kulia, kisha yakatokea maneno: kazi imekamilika.

Kipaza akavitazama vile visikizi vikubwa vya mjomba, vya kuvaa masikioni, vilivyoning'inia msumarini. Alikumbuka ahadi yake. Alikumbuka pia, kwa mbali, kwamba kuna mahali walitakiwa wakate. Lakini kusikiliza sura nzima ni kumsikiliza tena Sindano, na moyo wake ulikuwa bado unafuka moshi. Tena alikuwa na njaa. Kompyuta si imesema imekamilika? Akatoa faili, akaaga, akaenda kula.

Kesho yake mwalimu akamwuliza, "Umeisikiliza yote?"

"Mwanzo mpaka mwisho, mwalimu."

Alilisema kwa sauti yake ile ile kubwa, kwa hiyo lilisikika kama kweli.

Siku iliyofuata Profesa alifika na dada yake. Dada alimtazama Kipaza kwa jicho ambalo mtu humtazamia aliyemkuta akiiba. Profesa akaomba aletwe mpaka alipokaa Kipaza. Akasimama mbele yake, uso ukielekea pembeni kidogo.

"Umeisikiliza kabla ya kunipa?"

"Nimeisikiliza. Kwani vipi tena?"

"Yote?"

"Si nimekwambia nimeisikiliza? Unataka niape?"

Profesa akaugeuza uso kabisa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Basi kama uliisikiliza, ukaona inafaa kunipa, hatuna la kuzungumza."

Akamgeukia mwalimu aliyekuwa anaingia, akamwambia kwamba hataki kusomewa tena. Mwalimu akajaribu kumwuliza sababu. Akasema ni yake. Mtihani uende unavyokwenda, na kama ni kukaa nyumbani, nyumbani anakujua. Dada yake alikuwa akilia bila sauti.

Kipaza alikaa pale akihisi masikio yanawaka. Kazi yote hii, kisha mtu anakususia bila hata kukwambia kosa. Kwake jambo lilikuwa wazi: mashine ya mjomba ilikuwa mbovu. Kengele ya kutoka ilipolia alitoka mbio, akapita duka la viatu bila salamu, akaufungua mlango wa chumba cha kurekodia kwa bega.

Mjomba alikuwa amevaa visikizi. Alivivua upesi kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mjomba, kompyuta yako imeniharibia kazi! Nilibonyeza sawazisha, haikusawazisha kitu!"

"Shikamoo ni bei gani siku hizi?" mjomba akauliza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa funga mlango. Punguza sauti. Umekuja kunigombeza kwa niaba ya nani?"

Akasimulia, mbiombio, akimbebesha Sindano makosa yote. Mjomba hakupenda kuingiliwa kazini, na uso wake ulionyesha hivyo. Lakini alilitafuta faili, akalifungua. Sauti ikajitokeza kwenye kioo kama picha. Ilikuwa vilima vya Kipaza, kisha nyasi fupi za Sindano, vilima tena, nyasi tena. Na karibu na katikati kulikuwa na kitu kimesimama peke yake, kirefu, chembamba, kimegusa juu na chini ya kioo kama nguzo ya umeme katika shamba la karanga.

Mjomba akamweleza. Kitufe kile hakina akili ya mtu. Kinachofanya ni kutafuta mahali penye sauti kubwa kuliko zote, kisha kinainua faili zima kwa pamoja mpaka mahali hapo pafike kwenye dari. Kama kuna kitu kimeshagusa dari, basi hakuna kitakachoinuka. Wadogo wote watabaki chini walipo, kwa sababu ya mmoja aliyejaza nafasi.

"Ni nini hicho?" Kipaza akauliza. "Labda mlango ulijibamiza."

"Wewe ndiye uliyesikiliza mwanzo mpaka mwisho," mjomba akasema. "Niambie wewe."

Mjomba akamvisha visikizi, akarudisha nyuma kidogo, akaacha icheze.

Kwanza ilikuja sauti ya Sindano, mbali sana, ikisoma habari za kiwambo. Kipaza akainama mbele ili aipate, akafinya macho, akashika pumzi. Ndipo kiganja kikaipiga meza, na sauti yake mwenyewe ikamwingia masikioni kama jiwe. Ongeza sauti, wewe. Anayekusikiliza ni kipofu, si mpiga ramli.

Alivivua visikizi akavishika mikononi. Masikio yalikuwa yanavuma. Akamwona Profesa kitandani kwake, simu imekandamizwa sikioni, sauti imeongezwa mpaka mwisho, anainama hivyo hivyo kumtafuta Sindano. Na ukelele ule ulimwingia hivyo hivyo. Kisha akamfuata yeye Kipaza kumwuliza kama aliisikiliza, akampa nafasi ya kusema hapana. Naye Kipaza akakaribia kuapa kwamba ndiyo.

Sasa hasira ilikuwa bado ipo, ila haikuwa na mahali pa kwenda. Akaanza kusema kwamba Sindano naye angesoma kwa sauti, mambo yote haya yasingetokea. Mjomba akageuka na kiti chake mzimamzima.

"Mama, nisikilize. Mwuza magodoro wangu kila siku anataka azidi wengine. Namrekodi, kazi yangu. Lakini hata yeye hajawahi kunidanganya kwamba amesikiliza kitu asichosikiliza. Mashine inapima. Kusikiliza ni kazi ya mtu, na kazi hiyo ulisema umeifanya. Huyo mtoto atakwama nyumbani kwa sababu ya neno lako moja, na silo la kipofu. Ni lile la ndiyo."

Kipaza akalia kidogo, kwa hasira. Mjomba hakumbembeleza. Alimsukumia kiti, akamwambia akae afanye kazi mwenyewe, kwa mkono, bila kitufe.

Akakata ule ukelele kwanza. Nguzo ikatoweka. Kisha akashusha aya zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka vilima vikawa na kimo cha kawaida. Halafu akaanza kumwinua Sindano. Alisogeza kidogo, akasikiliza, akasogeza tena. Na hapo, kwa mara ya kwanza, alimsikia. Sindano alikuwa anasoma vizuri ajabu. Mahali penye neno gumu alipunguza mwendo, mahali penye orodha alipumzika kidogo baada ya kila jina, kana kwamba anamngoja mtu aandike. Alikuwa anamsomea Profesa, mtu anayejifunza bila kuona maandishi.

Lakini sauti ndogo ikiinuliwa, kila kilicho chini yake kinainuka nayo. Vikainuka viti vya stoo vikilia. Ikainuka kengele ya baiskeli barabarani. Na mwisho wa kila aya ya Sindano ukainuka msonyo, mmoja baada ya mwingine, mkubwa, wenye mate, kama mtu anayenyonya mfupa. Kipaza hakujua kwamba alikuwa amesonya mara nyingi hivyo. Aliukata wa kwanza, akaukata wa pili, akitafuta kwa makini neno linapoishia na msonyo unapoanzia. Mingine ilikuwa imekaa juu ya maneno yenyewe. Ukikata msonyo, umekata na kiwambo.

"Hapa hapakatiki," akasema kwa sauti ya chini.

"Hapakatiki," mjomba akakubali. "Hapo ni kusoma upya."

Kesho yake asubuhi, kabla ya mstari, alimngoja mwalimu mlangoni mwa ofisi. Akamwambia alidanganya. Hakuisikiliza, hata kidogo, na ndani yake kuna maneno mabaya aliyoyasema mwenyewe. Mwalimu alikasirika mpaka akaweka kikombe chake chini. Alimwambia alimkabidhi masikio ya mwenzake, naye ameyachezea. Akamwuliza atafanya nini. Kipaza akasema ataanzia kwa Sindano.

Jioni hiyo Sindano alikuwa kwao, anaanua nguo. Alimwona Kipaza akiingia uani, akaendelea kukunja shuka kama hajaona mtu.

"Nimekuja kukuomba radhi," Kipaza akasema.

"Sema kwa sauti, sisikii."

Alikuwa amesikia. Mama yake Sindano, aliyekuwa akichambua mboga kizingitini, alikohoa ili asicheke. Kipaza akarudia. Akamweleza yote, nguzo ile kwenye kioo, misonyo, uongo kwa mwalimu. Sindano alikunja nguo zote mpaka zikaisha. Kisha akageuka, na macho yake yalikuwa makali kuliko Kipaza alivyowahi kuyaona.

"Kila siku unasema sina sauti," akasema. "Nimesoma sura mbili nzima umekaa mbele ya kile kinasa sauti, mimi niko nyuma ya bega lako. Nikisoma, naisomea fulana yako. Uliwahi kuliona hilo?"

Kipaza hakuwahi kuliona.

"Nitakuja," Sindano akasema. "Lakini siji kwa ajili yako. Nakuja kwa ajili ya Profesa."

Kwa Profesa kulikuwa kugumu zaidi. Dada yake aliwaacha Kipaza na Sindano kibarazani muda mrefu kabla ya kumwita. Kipaza hakutafuta maneno mazuri. Alisema hakuisikiliza, alisema alidanganya, alisema yale maneno yalikuwa yake. Profesa alikaa akivunjavunja kijiti.

"Mimi ni kipofu kweli," akasema mwishowe. "Neno lenyewe nalijua, nyumbani tunalitumia. Wewe ulilitupa kama mtu anayetupa kokoto. Na uliposema umesikiliza, nikajua umelitupa kwa makusudi."

"Sikujua lipo humo."

"Ungesikiliza, ungejua." Akakitupa kijiti. "Leteni hiyo sura. Ikinirusha tena kitandani, nitawashitaki wote wawili kwa daktari wa mifupa."

Wakasoma sura ya mapafu upya katika chumba cha mjomba. Safari hii Kipaza alikaa mbali kidogo na kipaza sauti, Sindano karibu, umbali wa kiganja kimoja tu kutoka mdomoni mwake. Baada ya kila aya walisimama, wakasikiliza. Mjomba hakuwaacha wasikilize kwa visikizi vyake vizuri tu. Aliwapa na simu yake kuukuu yenye spika ya kukwaruza, akasema Profesa ana simu, hana studio. Sauti zao hazikufanana. Bado ungejua huyu ni Kipaza na huyu ni Sindano. Ila mkono wa msikilizaji usingehitaji kugusa kitu. Wakairudia na ile ya tumbo, chakula kikatoka salama.

Kazi hiyo ilichosha. Mara nyingi Kipaza alitamani kubonyeza tu kitufe. Mara nyingi alihisi msonyo unampanda kooni, akaumeza. Siku moja waligombana kweli na Sindano juu ya aya ya figo, nani aliisoma vibaya, mpaka mjomba akawatoa wote nje wakapoe, akafunga mlango kwa ndani. Wakarudi, wakasikiliza tena. Aliyekosea alikuwa Kipaza.

Mwisho wa muhula ulipofika, Profesa aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu aliuliza, mwalimu wa sayansi akaandika. Wenzake walijazana chini ya dirisha wakijifanya wanang'oa majani. Walimsikia akieleza safari ya chakula kutoka mdomoni mpaka mwisho wake, bila aibu, mpaka mwalimu mkuu akamwambia hapo panatosha. Walimsikia akieleza kiwambo kinavyoshuka mtu akivuta pumzi. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alimwuliza mwalimu mkuu kwa nini basi mtu hupata kwikwi, na mwalimu mkuu hakujua.

Alitoka akitabasamu. Angebaki. Dada yake alimkumbatia hapo hapo mlangoni, naye akalalamika kwamba anambana mapafu na anaweza kumweleza yalipo.

Mwalimu wa sayansi akawaita wote watatu darasani, wengine wakiwa wameshakwenda nyumbani. Alisema amefurahi, lakini hakutaka waondoke na furaha tu.

"Kipaza," akasema, "una sauti kubwa, na sitaki uipoteze. Lakini ulitaka kosa liwe la mwenzako, na hamu hiyo ikakuzuia kusikiliza. Kisha ukadanganya, na uongo ukamwumiza mtu wa tatu. Kazi ya mkono ndiyo iliyokutoa, ile ya kurudia aya kwa aya. Mtu akikupa kazi ya kusikiliza, sikiliza. Usipoisikiliza, sema hujaisikiliza. Utaaibika kidogo, na hapo patakuwa mwisho wake."

"Nimeelewa, mwalimu," Kipaza akasema. Profesa akanong'ona kwamba hata mwalimu leo amesawazishwa, haongei tena kwa kupanda na kushuka kama homa. Mwalimu alimsikia, akaacha.

Kisha mwalimu akafungua kitabu. Muhula ujao ulikuwa na sura ndefu kuliko zote, ya moyo na mzunguko wa damu. Akauliza nani ataisoma.

Kipaza alifungua kinywa kwa mazoea. Akakifunga. Darasa likawa kimya, na kimya hicho kikarefuka, wala hakuna aliyeharakisha kukijaza. Profesa aligeuza sikio upande wa Sindano, akangoja.

"Mimi," Sindano akasema, kwa sauti yake ile ile. "Nataka kuisoma mimi. Yote, peke yangu. Na Kipaza akae nje."